Mjadala: Baraza la jiji likutane kila wiki, au robo mwaka inatosha?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naleta hili tulijadili bila kuoneana haya.

Kazi ya jiji ni ya kila wiki. Kila wiki kuna zabuni inafunguliwa, kibali cha ujenzi kinatolewa, mtaro unaziba, hati ya malipo inasainiwa. Lakini baraza, chombo ambacho wananchi wamekipigia kura kisimamie hayo yote, kwa Tanzania linafanya mkutano wake wa kawaida mara moja kila robo mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Shilingi iliyotumika wiki ya kwanza ya Julai, baraza zima litaiona kwenye taarifa ya robo ya kwanza, na taarifa hiyo inafika mezani Oktoba, mara nyingine Novemba. Kufikia hapo mkandarasi ameshalipwa na kuondoka na mitambo yake. Diwani anasimama, anauliza, anajibiwa na mkuu wa idara, na kwenye muhtasari inaandikwa "ufafanuzi ulitolewa". Yamekwisha.

Najua kuna atakayekimbilia kuniambia habari za kamati. Nakubali, Kamati ya Fedha na Uongozi hukaa kila mwezi. Ila nionyesheni mwananchi wa kawaida anayejua kamati hiyo ilikaa lini na iliamua nini.

Sasa tazameni wengine. Los Angeles ina madiwani 15 tu, na ratiba yao ya kawaida ni kukutana Jumanne, Jumatano na Ijumaa. California wana sheria ya mwaka 1953, inaitwa Brown Act, inayotaka ajenda ya mkutano wa kawaida ibandikwe hadharani angalau saa 72 kabla, na jambo ambalo halimo kwenye ajenda kwa kawaida halipitishwi siku hiyo. Mwananchi ana haki ya kusema neno lake kabla ya uamuzi. New York, madiwani 51, baraza zima hukaa kama mara mbili kwa mwezi.

Hoja yangu ni nyepesi: baraza la jiji likutane kila wiki, siku moja inayojulikana, ajenda fupi, milango wazi. Wiki hii tumepokea nini, tumetumia nini, tumeamua nini. Anayepinga aje na sababu, asije na "haiwezekani".

MCHANGIAJI WA KWANZA

Posho.

Neno moja tu mkuu. Mikutano minne kwa mwaka ukiifanya iwe hamsini, nani analipa posho za vikao hamsini, nauli, chai, na makaratasi? Na usidhani idadi ya vikao inaleta uwajibikaji yenyewe. Nenda kasome habari za Bell, kamji kadogo huko huko California unakokusifia, watu kama 37,000. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa na mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wa kazi ya muda walikuwa wakiondoka na karibu dola 100,000 kila mmoja. Walizipataje? Kwa kujilipa ujumbe wa bodi na kamati lukuki, nyingine zikikaa dakika chache na nyingine hazikai kabisa. Brown Act ilikuwepo. Rizzo alifungwa miaka 12 mwaka 2014, baada ya fedha kwisha kuliwa.

Ukiongeza vikao umeongeza masanduku ya kula.

MLETA MADA

Ndugu yangu, Bell naijua, na inanisaidia mimi. Unajua walipata wapi upenyo wa kujipangia mishahara? Mwaka 2005 walipitisha katiba ya mji wenyewe kwa kura maalumu ambayo waliojitokeza hawakufika hata watu 400. Hakuna aliyekuwa anatazama. Mji ukizoea kutazama baraza lake kila wiki, mchezo ule unakuwa mgumu. Na posho ni jambo la kuandika kwenye kanuni: posho ya mwezi, moja, ukae mara moja ukae mara nne. Tusishindwe na hesabu ya darasa la tatu.

MCHANGIAJI WA PILI

Vijana, mniwie radhi, mimi nitakuwa na maneno mengi kidogo. Nimefanya kazi ya kuandaa vikao vya halmashauri miaka mingi, ya wapi haina haja, nimeshastaafu. Naomba niwaonyeshe kikao kinavyotengenezwa, maana naona mnajadili wali bila kuingia jikoni.

Kikao kinaanzia kwenye kabrasha. Kabrasha ni lile furushi la karatasi lililotobolewa na kufungwa pembeni: juu ajenda, inafuata mihtasari ya kikao kilichopita, halafu yatokanayo, halafu taarifa za kamati moja moja, halafu viambatisho. Ndani ya viambatisho ndiko jiji lilipo. Mapato na matumizi, orodha ya mikataba, viwanja, kesi ambazo halmashauri inashtakiwa, madeni. Kabrasha la robo mwaka, kwa ofisi niliyofanyia kazi, lilikuwa linakaribia unene wa tofali. Kanuni za kudumu zinasema limfikie diwani siku kadhaa kabla. Kilichokuwa kinatokea: wakuu wa idara wanachelewesha taarifa, mchapaji anakesha, mashine ya kurudufu inagoma saa tano usiku, dereva anatumwa kusambaza alfajiri. Kuna diwani nilimkabidhi kabrasha lake mlangoni mwa ukumbi, asubuhi ya kikao, bado lina joto la mashine. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Mzee wangu, hili nisome au nilikalie?" Akaingia. Saa nne baadaye alikuwa amenyoosha mkono kuafiki kila kitu kilichomo.

Huyo diwani hakuwa mvivu. Alikuwa mmoja wa wazuri. Ila hakuna binadamu anayesoma tofali akiwa anatembea kutoka mlangoni kwenda kwenye kiti.

Sasa mleta mada anataka tufanye hivyo kila wiki. Kijana wangu, usipotibu kabrasha, kikao cha kila wiki kitakuwa kumkalisha diwani juu ya tofali mara hamsini badala ya mara nne. Zaidi ya hapo, watumishi wale wale wanaotakiwa kwenda kukagua barabara watashinda ofisini wanaandika taarifa ya wiki. Mimi nimewaona. Mhandisi mmoja wa halmashauri anaweza kutumia siku mbili nzima kuandika aya tatu za "hali ya utekelezaji", kwa sababu zinapita kwa watu watano kabla hazijafika kwangu.

Kwa hiyo mnapouliza "mara ngapi", mimi nauliza "karatasi inafika lini, na kwa nani".

MCHANGIAJI WA TATU

Mzee wa kabrasha umeua. Naomba niongezee mfano wa hasara, maana hili la karatasi kuchelewa lina bei.

Chicago, Desemba 2008. Meya Richard M. Daley aliwapelekea madiwani mkataba wa kukodisha mita za kuegesha magari, zile mashine za kulipia maegesho, za jiji zima, kama mita 36,000, kwa kampuni binafsi kwa miaka 75. Malipo: dola bilioni 1.15, zinatolewa mara moja. Mpango ulitangazwa, na ndani ya siku chache tu baraza likapiga kura. Arobaini wakasema ndiyo, watano wakasema hapana. Juni mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji akatoa ripoti kwamba jiji liliuza kwa hasara ya karibu dola milioni 974 ukilinganisha na thamani ya mita zile kwa miaka hiyo 75. Na jiji likifunga barabara yenye mita zile, kwa tamasha au matengenezo, linatakiwa kumfidia mwenye mkataba.

Miaka 75, wakuu. Waliozaliwa mwaka ule watakuwa vikongwe mkataba ukiisha.

Ona sasa: Chicago si baraza la kukaa robo mwaka. Lina madiwani 50 na hukaa karibu kila mwezi. Tatizo halikuwa uchache wa vikao. Mkataba uliletwa mbio ili usisomwe, ukapitishwa mbio, na waliopitisha hawakupata nafasi ya kukokotoa. Kikao cha kila wiki kwa mtu mwenye haraka ya kupitisha jambo ni zawadi! Leo Jumatatu wazo limezaliwa, Alhamisi limepita. Robo mwaka angalau inampa mpinzani muda wa kuamka.

MCHANGIAJI WA NNE

Robo mwaka inampa mpinzani muda wa kuamka, na mla rushwa muda wa kulala. 😀

MCHANGIAJI WA TANO

Habari zenu. Mimi naandika kutoka upande wa Kenya, niwape picha tofauti kidogo.

Sisi mabaraza ya miji ya zamani yaliondoka na Katiba ya 2010, na tangu 2013 kazi hiyo iko kwa kaunti. Nairobi wadi ni 85, kila moja na MCA wake, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, na bunge la kaunti likiwa kwenye vikao hukaa siku kadhaa kwa wiki. Kwa hivyo kile mleta mada anaomba, sisi tunacho. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge la kaunti lifanye kazi wazi, vikao vyake na vya kamati viwe hadharani, na umma au wanahabari wasifungiwe nje ila kwa hali ya kipekee ambayo spika ameona ina sababu za haki. Ukisoma, utapenda.

Je, mwananchi anajua kilichoamuliwa wiki hii? Anajua kelele. Kutupiana maneno kunafika kwenye simu yake kabla ya jioni. Mswada wa fedha wa kaunti, ule unaosema ada ya leseni itapanda kiasi gani, anausikia siku ameenda kulipa. Mikutano ya ushirikishwaji wa umma inaitwa, tangazo la gazeti linatoka, lakini mswada wenyewe unaupata ukifika ukumbini, nakala tano kwa watu mia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 87, inaanza na nini? Kupata taarifa kwa wakati. Waliiweka mbele kabisa, na ndiyo tunayofeli nayo.

Nakubaliana na mzee hapo juu. Vikao vingi tunavyo. Makaratasi ndiyo hatuna.

MLETA MADA

Naona mnanisukumia ukutani, lakini bado sijalala chini.

Mzee wangu wa kabrasha, shikamoo, na asante kwa kutuingiza jikoni. Ila angalia: kabrasha lako ni nene kwa sababu gani? Kwa sababu limebeba miezi mitatu. Ungebeba wiki moja lingekuwa kurasa kumi na tano. Diwani angezisoma kwenye daladala. Unene wa kabrasha ni ugonjwa unaoletwa na robo mwaka, halafu ninyi mnautumia kuitetea robo mwaka.

Na ndugu wa Chicago, mfano wako ni mkali, nimeusoma mara mbili. Lakini dawa ya haraka ni notisi. Uingereza karatasi za kikao zinatakiwa ziwe wazi kwa umma siku 5 kamili kabla. California nimeshawatajia saa 72. Weka sheria kwamba mkataba wowote unaozidi mwaka mmoja wa fedha unasomwa vikao viwili tofauti kabla ya kura, umemaliza. Huhitaji kulifungia baraza zima miezi mitatu ili kumzuia meya mmoja mwenye mbio.

MCHANGIAJI WA PILI

Marahaba mwanangu. Kurasa kumi na tano? Hujatukuta mimi na mkuu wa idara ya ardhi.

Lakini hoja yako ya unene naipokea, ina ukweli. Nikueleze kitu ambacho watu wa nje hawakioni. Huko kwenye mabaraza yanayokaa kila wiki wana mtindo wa kupitisha mambo ya kawaida kwa mkupuo: vipengele ishirini, thelathini, vinasomwa namba tu, mkono unapita mara moja, vimekwenda. Diwani akitaka kimoja kijadiliwe anaomba kitolewe kwenye mkupuo. Ni mtindo mzuri wa kuokoa muda, kwa kuwa huwezi kujadili nusu saa ununuzi wa matairi ya gari la taka. Hatari yake unaijua. Ukiwa na kitu unataka kisionekane, ndimo unamotia, kati ya matairi na likizo ya mtumishi.

Mtu pekee anayeweza kukiona ni yule aliyeipata orodha siku tatu kabla na ana sababu yake binafsi ya kuisoma. Mwenye duka mkabala na eneo linalotajwa. Jirani wa kiwanja. Mwandishi wa habari ambaye hajalipwa bahasha. Hao hawahitaji kuja ukumbini kila wiki, wana kazi zao. Wanahitaji orodha.

MCHANGIAJI WA SITA

Na hapo kwenye kuja ukumbini tuseme ukweli. Kikao kinaanza saa nne asubuhi siku ya kazi. Anayeweza kuhudhuria kila wiki ni nani? Mstaafu, mwanaharakati, na mtu aliyetumwa na mkandarasi. Mama anayeuza sokoni, ambaye ushuru wake ndio unajadiliwa, hayupo. Ukipiga kura ya "wananchi waliohudhuria walisema" umepiga kura ya watu wenye nafasi.

Kurusha mubashara kunasaidia kidogo, ila kuna shida yake. Mnakumbuka kile kikao cha halmashauri ndogo ya Handforth, Uingereza, kilichofanyika kwa mtandao Desemba 2020 na kusambaa dunia nzima Februari 2021? Dunia iliona watu wazima wanagombana na kutolewa nje kwa kubofya. Niulizeni ajenda ilikuwa nini. Sijui, na wewe hujui.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hahaha, kweli kabisa. Mimi niliangalia mara tatu.

Lakini mtu anijibu basi: taarifa bila kikao ina meno gani? Nikiona kwenye orodha kwamba wiki hii wamempa ndugu ya mtu zabuni, nifanye nini, nisubiri robo mwaka? Tanzania kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua, wana siku 30 za kukujibu. Kenya na wao wana yao ya 2016, siku 21. Ukijibiwa, malipo ya awali yameshatoka.

MLETA MADA

Sasa hapo ndipo nilipokuwa naenda, na nakiri nimebadilika njiani. Niliingia na "baraza likutane kila wiki". Mmenionyesha mambo mawili: kukaa kila wiki bila karatasi ni maigizo, na karatasi ikitoka mapema, hata asiyekuja ukumbini ana silaha.

Kwa hiyo narekebisha. Orodha ya wiki, kikao cha mwezi. Kila Ijumaa mkurugenzi abandike, kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na kwenye mtandao, karatasi moja au mbili: malipo yaliyotoka wiki hiyo juu ya kiwango fulani, zabuni zilizofunguliwa na nani kashinda, vibali vilivyotolewa, na mambo yatakayokwenda kwenye kamati wiki ijayo. Bila maneno ya "hali ya utekelezaji". Majina, kiasi, mahali. Mhandisi wa mzee wetu asiandike hata aya, kwa sababu hizo ni taarifa ambazo mhasibu na ofisi ya manunuzi wanazo tayari siku ileile. Halafu baraza zima likae kila mwezi, na diwani yeyote akiungwa mkono na wenzake, tuseme theluthi, aweze kusimamisha kitu kilichoko kwenye orodha mpaka kikao kijacho. Hayo ndiyo meno, ndugu wa kwanza.

Robo mwaka ibaki kwa yale makubwa: taarifa ya mkaguzi, bajeti, mipango ya muda mrefu.

MCHANGIAJI WA TATU

Theluthi ni wengi mno kwenye baraza ambalo chama kimoja kina viti karibu vyote. Hutapata theluthi hata ya kuahirisha chai. Weka madiwani watano.

MCHANGIAJI WA NNE

Ukiweka watano kila kitu kitasimamishwa, hadi matairi. Gari la taka litalala juu ya mawe.

MCHANGIAJI WA TANO

Na nani atamlazimisha mkurugenzi? Kwenu Tanzania huyo si anateuliwa na Rais? Baraza linaweza kumwambia bandika, asipobandika mnamfanya nini?

MLETA MADA

Hilo la mkurugenzi limenishika. Mzee wa kabrasha, wewe umekaa nao. Wakati wako, mkurugenzi alikuwa anaogopa nini?

MCHANGIAJI WA PILI

Mkaguzi, mwanangu. Diwani alikuwa anaweza kumzungusha, anamwambia "tutalifanyia kazi mheshimiwa", limepita. Lakini mkaguzi wa hesabu akiandika hoja, yaani kasoro inayodai majibu, ile hoja inamfuata hata akihamishwa kituo. Kwa hiyo kama mnataka orodha ya Ijumaa ibandikwe, msiiweke kwenye kanuni za baraza. Ifanyeni iwe nyaraka ambayo mkaguzi ataidai: Ijumaa 52, karatasi 52, zenye mhuri na tarehe ya kubandikwa. Inayokosekana ni hoja ya ukaguzi.

Nina hakika mojawapo ya hizo 52 ingekuja kuchapwa saa tano usiku. Ila ingekuja.